Ukuta Mahali pa Pazia

Ulipita. Usiniambie hukuona. Siku ile plaiwudi zilipoingizwa koridoni ulikuwa unatoka kuoga, taulo begani na ndoo mkononi, ukajibana ukutani ili mafundi wapite. Ukauliza, "Kwani wanarembesha?" na jibu hukulingoja. Ulitazama vidole vya miguu yako kana kwamba kimoja kimepotea, ukaingia kwako, ukafunga mlango. Na kama hukuwa kwenye korido yetu, ulikuwa kwenye korido nyingine. Nyumba hizi za chumba kimoja kimoja ni zilezile, na macho mnayoyashusha ni yaleyale.

Basi nakueleza kilichokuwa kinajengwa, ili usije ukasema hukuambiwa.

Mlango unaotazamana na wangu ni wa Mama Pazia. Tunamwita hivyo kwa sababu ya kazi yake: anashona mapazia ya nyumba kubwa, nyumba zenye madirisha mapana kuliko chumba chake kizima. Anapima, anakata, anapandisha, anashuka kwenye ngazi ya mwenyewe, anarudi kwake na mabaki kwenye mfuko. Mumewe ni mlinzi wa nyumba ya namna hiyohiyo. Ina vyumba ambamo hakuna anayelala, na yeye hukesha getini ili vyumba hivyo viendelee kulala peke yao. Wana watoto wawili, na wanaishi na mama mzazi wa mlinzi, ambaye nyumba nzima tunamwita Bibi.

Bibi ana pumu ya miaka mingi. Daktari wa zahanati alimwambia Mama Pazia maneno mepesi: dawa ni nusu ya tiba, nusu nyingine ni hewa, mlazeni karibu na dirisha. Shika hapo. Habari yote hii imening'inia kwenye dirisha hilo moja.

Chumba chao ni cha mwisho wa korido, kirefu na chembamba kama soksi, kimelala ubavuni mwa korido. Mlango uko huku mwanzoni, dirisha liko kule mwisho. Mtu mwingine angeweka humo kitanda na kabati, kisha watoto walale juu ya kabati. Mama Pazia alikishona. Sina neno jingine. Alichukua ile chaki bapa ya mafundi cherehani, akapiga magoti, akaichora sakafu kama anayetaka kukata gauni: hapa kitanda, hapa cherehani, hapa ndoo za maji. Kitanda cha Bibi alikipandisha juu ya matofali mpaka kichwa chake kikalingana na ukingo wa dirisha, na masanduku ya bati yakaingia chini. Godoro la watoto mchana lilisukumwa uvunguni mwa kitanda cha wazazi, jioni likavutwa kama droo. Sufuria zilitundikwa ukutani kwa kufuatana urefu, utadhani familia iliyokwenda kupiga picha. Cherehani ilifunikwa ubao ikawa meza ya kulia. Juu, karibu na dari, rafu moja ilizunguka chumba chote, imebeba nguo ndani ya mifuko aliyoishona kwa mabaki ya hariri za watu.

Na katikati, pazia. La bluu, ukuta hadi ukuta, dari hadi sakafu, limeunganishwa kutoka kazi mbili tofauti, na nakuapia huwezi kuuona mshono. Chini ya pazia kulikuwa na mstari wa chaki, uliopanda na kuta zote mbili. Kila alipodeki aliuchora upya. Tulimuuliza kwa nini, akasema vitu vinatambaa. Usipoviwekea mpaka, leo stuli iko huku, kesho iko miguuni mwa Bibi.

Tulikuwa tunakwenda kukitazama chumba hicho kama wanaokwenda kumwona mtoto mchanga. Wengi waliiga. Leo ukipita korido yetu, kila mlango una pazia lake katikati ya chumba na kila sakafu ina mstari wake. Tulijisifu kwa hilo. Tulisema sisi ni watu wa kujipanga.

Na ugonjwa wetu ulikuwa hapo.

Mwenye nyumba tunamwita Bwana Nafasi, kwa kuwa hana neno jingine. Wewe ni mgeni wa mwaka juzi, hujui. Mimi najua, sijasahau hata kimoja. Nyuma ya nyumba hii kulikuwa na jiko la wote, lenye bomba la moshi. Alikuja, akasimama mlangoni, akasema nafasi ipo, akalifanya chumba cha kupangisha. Sisi tukahamisha majiko hadi vizingitini, mafundi wetu wakatengeneza vijukwaa vya kukunja, na kina mama wakasema afadhali, chakula sasa kiko karibu. Kulikuwa na ua wa kuanikia nguo. Akajenga vibanda vya biashara. Tukafunga kamba ndani, na jirani mmoja akapaka vibanio rangi, kila mtoto na yake, tukampongeza. Chini ya ngazi kulikuwa na mahali pa kuegesha baiskeli. Sasa analala humo mshona viatu, ambaye amejifunza kuvaa suruali akiwa amelala, na anatuonyesha jinsi ya kufanya hivyo huku anacheka. Kila Bwana Nafasi alipotukata, sisi tulikunja pindo. Kila aliporudi, akakuta nguo bado inavalika, akaona kumbe kitambaa kimebaki.

Mwaka huu akatangaza kwamba bafu moja kati ya mawili litakuwa stoo. Hapo hata waliolala wakaamka. Tulikutana koridoni, tukakubaliana aitwe aje aone kwa macho yake tunavyobanana. Karani mstaafu wa chumba cha kwanza akachaguliwa msemaji kwa kuwa ana sauti ya ofisini. Na tukapatana kwamba Bwana Nafasi apelekwe kwa Mama Pazia, ambako wako watano, mmoja wao mgonjwa.

Siku moja kabla, nilikwenda kumwomba asiguse kitu. Godoro la watoto liachwe wazi, sufuria ziteremshwe sakafuni, kamba ya nguo iachwe na nguo zake, na pazia livutwe kando ili aone kitanda cha Bibi kimebanwa wapi. Alinitazama kana kwamba nimemwambia avue nguo.

"Unataka nimkaribishe mgeni jalalani?"

Nikamwambia huyo si mgeni, ni mwenye nyumba.

"Akipiga hodi ni mgeni. Shemeji, funika kombe mwanaharamu apite."

Nikamweleza kwamba huyu mwanaharamu hapiti. Akikuta kombe limefunikwa ataketi juu yake. Hakunisikia, alikuwa ameshaanza kupangusa rafu. Bibi, ambaye huniita Redio kwa sababu anadai sina kitufe cha kuzimia, alicheka mpaka akakohoa. "Mwache, Redio," akasema. "Huyu hata siku ya kiyama atatandika kaburi kwanza ndipo atoke."

Kesho yake Bwana Nafasi alifika, tukamfuata nyuma kama watoto wa shule. Mama Pazia akafungua mlango na kusema karibu.

Sijui nikuelezeje nilichokiona. Alikuwa amehamisha kila kitu nyuma ya pazia. Cherehani, ndoo, jiko, masanduku, godoro, kitanda cha ndoa kimesimamishwa wima, watoto wametumwa kwa shangazi yao, na Bibi ameketi katikati ya shehena kama bidhaa ya dukani, ameombwa asikohoe. Huku mbele, nusu nzima ya chumba ilikuwa tupu. Viti viwili vya kuazima. Stuli yenye kitambaa cha kufuma. Glasi yenye maua ya plastiki. Sakafu inang'aa. Pazia la bluu limenyooka kama ukuta.

Bwana Nafasi akaketi. Akaletewa maji juu ya kisahani. Karani mstaafu akakohoa kidogo, akaanza: sisi wapangaji wako tunabanana, hakuna pa kugeukia, watu wazima wanaoga kwa zamu kama kambini. Alisema vizuri sana. Bwana Nafasi alimsikiliza, akageuza shingo taratibu, akatazama sakafu ile tupu, kona ile tupu, glasi ya maua.

"Mnabanana wapi?" akauliza. Na hakuwa anadhihaki, hilo ndilo linaloniuma. Alikuwa anauliza kweli.

Nikasema pazia lifunguliwe. Mama Pazia akasimama mbele yake, mikono nyuma, ameshika kitambaa. Bwana Nafasi ndiye aliyenikataza, kwa adabu kabisa, akasema faragha za watu ziheshimiwe. Wakati huohuo kifua cha Bibi kikashindwa ahadi, kikohozi kikatoka kule nyuma, kirefu. Bwana Nafasi akauliza kuna nani. Mama Pazia akajibu kwamba mama amepumzika.

"Basi mnaishi vizuri," akasema. "Mpaka mgonjwa ana chumba chake."

Chumba chake. Lilipotamkwa neno hilo, wengine waliitikia kwa kichwa, kwa heshima. Mimi niligeuka kulitazama pazia. Kisha akaona mstari wa chaki karibu na kiatu chake, akauliza ni wa nini. Na yule mama, ambaye hakuna mtu katika nyumba kubwa aliyewahi kumuuliza kazi yake anaifanyaje, akachangamka. Akamweleza: hapa ndipo katikati kamili, nimepima kutoka kona zote nne, maana kuta za nyumba hii hazijanyooka, ukipima upande mmoja tu unapotea. Bwana Nafasi akauinamia mstari, akaufuata kwa kidole hadi ukutani. Akasema nafasi ipo.

Akainuka, akatutangazia kwamba amefikiri upya na bafu haligusi. Watu wakapiga makofi. Hata wewe ulipiga, nilikuona. Karani akapewa mikono ya pongezi koridoni, tukaenda kulala washindi.

Seremala alikuja siku Mama Pazia alipokuwa juu ya ngazi ya mtu, anatundika mapazia ya sebule. Mumewe alikuwa getini. Mimi nilikuwa kazini. Wewe, tumeshasema, ulikuwa unatoka kuoga. Bibi alikuwa peke yake kitandani, kichwa dirishani. Mafundi wakamsalimia vizuri, wakamwambia, bibi, tunaomba usogee kidogo, ni kwa muda mfupi.

"Mwanangu," akamjibu seremala, "mimi si kabati."

Wakambeba na kitanda chake kama kabati. Walimweka upande wa mlango, wakapigilia plaiwudi kwenye fremu ya mbao, juu hadi chini, na koridoni wakatoboa mlango mpya wa kuingilia nusu yenye dirisha. Nilimkuta seremala baadaye akinawa vumbi, nikamuuliza kama ana mama. Hakukasirika. Alisema kazi ilikuwa nyepesi, hakuhitaji hata kutoa futi yake mfukoni, mstari ulikuwa tayari sakafuni na kutani. "Yule mama ana mkono," akasema. "Haujapinda hata kidogo."

Mama Pazia alirudi jioni, futi shingoni, mkasi mkobani. Alikuta plaiwudi imesimama palepale pazia lilipokuwa linaning'inia. Pazia lenyewe mafundi walikuwa wamelikunja vizuri, wameliweka juu ya cherehani. Vyombo vyao vyote vilikuwa vimerundikwa nusu hii isiyo na dirisha, mpaka mlango ulifunguka kiasi cha mtu kupita ubavu. Hakulia. Aligusa ubao, akafuata ukingo wake kwa kidole, kama anayekagua mshono wa mtu mwingine.

Alikwenda kwa Bwana Nafasi. Yule hakumfukuza wala hakupandisha sauti. Alimwambia nusu yenye dirisha anaweza kuipata kwa kodi mpya, ambayo Mama Pazia aliposimulia hakutaja kiasi chake, alitikisa kichwa tu. Nusu hii nyingine wabaki nayo kwa kodi ileile, kwa wema wake. Alipomwambia habari ya kifua cha Bibi, Bwana Nafasi alishangaa: "Lakini mama, wewe mwenyewe ndiye uliyenionyesha kwamba mnatosha."

Sasa nikwambie majirani walifanya nini. Walikuja, ndiyo. Mmoja akasema plaiwudi ile ikibandikwa karatasi ya maua itapendeza. Mwingine akasema kioo, weka kioo kikubwa mkabala na mlango, kioo kinapanua chumba. Wa tatu, na huyu nia yake ilikuwa njema, alileta kalenda yenye picha ya milima na mto, akaipigilia pale ambapo dirisha lingekuwa. Bibi akaitazama.

"Ahsante, mjukuu," akasema. "Sasa nitafutie na picha ya hewa."

Walicheka. Walitoka wakisimulia jinsi Bibi anavyojua kuchekesha.

Nusu yenye dirisha alipangishwa msusi, binti anayesuka kwenye kibanda kimoja cha ule uliokuwa ua wetu. Nilitaka kumchukia nikashindwa. Hakujua. Alikuwa anafurahi kupata chumba chenye mwanga. Siku ya kwanza alibisha kwa Mama Pazia, akasema amesikia kwamba mama ni bingwa wa kupanga vyumba vidogo, je, angemsaidia? Mama Pazia akamtazama, akafungua mlango kadiri ulivyofunguka, akamwonyesha Bibi. Basi. Binti akarudi kwake.

Kinachotenganisha kichwa chake na kichwa cha Bibi ni ubao. Anamsikia. Anasikia pumzi inavyovutwa kama kamba kutoka kisimani, na namna inavyokwama. Jumapili moja msusi alichoma spoku ya baiskeli kwenye moto, akatoboa plaiwudi, tundu, tundu, tundu, usawa wa mto wa Bibi. Tangu siku hiyo halifungi dirisha lake, hata mvua ikinyesha godoro lake likalowa. Na Bibi analala ameegemeza pua kwenye matundu, kama mtu anayechungulia kwa jirani.

Matundu hayo Bwana Nafasi angeyaona, angesema mali yake imeharibiwa. Mama Pazia alijua. Unajua alifanya nini? Alishona kipazia kidogo, kipana kama kiganja, cha bluu kama lile kubwa, akakitundika juu ya matundu. Alikitia na marinda.

Niliwaka. Nilimwambia maneno ambayo siyaandiki hapa. Kwamba hata tundu la kupumulia amelivisha gauni. Kwamba mwisho tutamzika Bibi kwenye jeneza lenye kamba za kufungia pazia. Alinyoosha marinda kwa kidole mpaka nikaishiwa. Kisha akasema, "Nifanye nini, shemeji? Nimefundishwa kushona. Kubomoa hakuna aliyenifundisha."

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Na waseme. Sisi tuliziba kila ufa, kwa pazia, kwa rafu, kwa ndoano, kwa maua ya plastiki, na ukuta tukajengewa. Kwa hesabu ya Bwana Nafasi, mtu anayeweza kuishi vizuri mahali padogo ni mtu aliyekuwa anamwibia yeye nafasi.

Jana alirudi na seremala. Walikwenda mlango kwa mlango, wakabisha kwa heshima, wakaingia. Hawakupima kitu. Walitazama sakafu. Palipo na pazia walilisogeza kwa kidole, wakaona mstari, seremala akachora alama kwa penseli juu ya fremu ya mlango, upande wa koridoni. Toka ukaangalie wako. Kialama kidogo, kama tiki ya mwalimu. Ulikiona asubuhi, ukadhani kimechorwa na mtoto.

Na Bibi hawezi tena kulala chali. Anakaa, amekumbatia mto, mdomo wazi, midomo imegeuka rangi ya majivu. Daktari wa zahanati alikuja adhuhuri hii, akatazama ukuta, akatutazama sisi, akarudia neno lilelile alilosema mwanzo: hewa. Kumhamishia koridoni tumejaribu. Kuna moshi wa majiko yetu, yale tuliyofurahia kuwa nayo karibu. Kwa msusi Bwana Nafasi amekataza: atakayelala dirishani alipe kodi ya dirisha, la sivyo msusi atoke.

Alipoondoka daktari, Mama Pazia alichukua mkasi wake. Alikikata kile kipazia chenye marinda, kikaanguka. Kisha akalowesha kitambaa, akapiga magoti na kufuta chaki, huku anapumua kwa nguvu, akafuta na ile iliyopanda ukutani, ukabaki mstari mwembamba tu chini ya ubao ambao mkono haufiki. Akaniuliza nina nyundo. Ninayo. Akabisha ubao, na msusi akajibu kutoka upande wa pili kwamba kitanda chake ameshakivuta kando na mlango wake uko wazi.

Tungeweza kuubomoa watatu. Kesho watatu tungekuwa nje, na vyombo vyetu vimepangwa barabarani kwa ustadi mkubwa. Kidole kimoja hakivunji chawa. Lakini Bwana Nafasi hawezi kuitoa nje korido nzima, nani atamlipa? Anayejua hilo zaidi ya sisi ni yeye mwenyewe. Ndiyo maana anabisha mlango mmoja mmoja.

Bibi bado anapumua. Kwa hiyo weka chini unachosoma. Vuta kitanda chako katikati ya chumba, shusha pazia, futa mstari wako, kisha toka. Njoo na nyundo. Huna nyundo, njoo na mchi wa kinu. Huna mchi, una bega. Ni mlango wa mwisho wa korido. Usiulize tena kama wanarembesha. Njoo sasa, kabla hujavaa hata viatu.